Wifi ameniletea chupa ya "kufungua ubongo" wa mwanangu

Shikamoo Shangazi.

Naandika usiku, watoto wamelala. Naomba jina langu lisitoke, maana Mwanjelwa ni soko dogo kuliko linavyoonekana. Nina miaka 33, watoto wawili, nauza mitumba ya watoto. Tunaishi Uyole. Mume wangu anaendesha lori la mizigo, Dar mpaka Tunduma, kwa hiyo nyumbani tunamwona siku nne au tano kwa mwezi, na hizo nazo nyingi analala.

Mwanangu wa kwanza ana miaka minane, yuko darasa la pili. Alianza kuanguka kifafa akiwa na minne. Sitaeleza yote tuliyopitia. Tumekesha kwenye maombi, tumechanjwa chale, na kuna jirani alinionya nisimguse akitoa povu eti nitaambukizwa. Mwaka juzi alianguka mara tatu usiku mmoja na hatukuwa na hata senti ya nauli. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyekodi gari. Akalipa, akalala naye wodini siku sita kwa sababu mimi nilikuwa na mimba kubwa ya huyu wa pili. Hilo sitalisahau mpaka nazikwa.

Tangu hapo anameza valproeti asubuhi na jioni. Shangazi, dawa imefanya kazi. Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa Oktoba. Lakini mtoto niliyebaki naye siye yule. Anasinzia. Akitoka shule namkuta kakaa kizingitini, sweta hajavua, begi mgongoni, kaegemea mlango, amelala. Wiki tatu hizi baadhi ya asubuhi anatapika. Mwalimu aliniita akanionyesha daftari lake la Kiswahili. Sentensi inaanza vizuri juu ya mstari, "Mama ana", halafu herufi zinalegea, na ile "p" ya "pika" inateremka kama mtu aliyeteleza kwenye utelezi, penseli ikaacha mstari mmoja mrefu mpaka chini ya ukurasa. Nililia pale pale ofisini.

Nilipoeleza kliniki, daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Akasema bila kuinua macho, "Mama, si haanguki tena? Endelea kumpa." Nikatoka.

Mwezi uliopita wifi akaja na chupa. Amejiunga na ile biashara ya virutubisho, ya kuingiza watu chini yako. Ni karnitini. Anasema ni chakula cha ubongo, ukimeza inakwenda moja kwa moja ubongoni na kuufungua, na kwamba dawa ya hospitali ndiyo inayomkaushia mtoto karnitini yake. Miezi mitatu, anasema, dawa ya hospitali tunaiacha. Chupa shilingi 95,000. Ya kwanza kanipa bure, zinazofuata nitalipa kidogo kidogo. Mama mkwe naye kapiga simu toka Tukuyu: "Msikilize wifi yako, ndiye aliyemwokoa mtoto." Mume wangu anasema, "Mimi niko foleni ya mpakani, fanyeni mnavyoona, ila msigombane."

Nilidhani ni maneno ya biashara. Nikaenda duka la dawa kuuliza, yule kijana akaniambia ni kweli, valproeti inaweza kupunguza karnitini mwilini. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kumbe wifi ana ukweli!

Sasa naomba usinichape. Nimempa hiyo karnitini siku ya kumi na moja leo. Na kwa siku nne nimekuwa nampa nusu ya dawa yake ya jioni, nione kama atachangamka. Hajaanguka. Lakini jasho lake na mkojo vinanuka samaki, samaki kabisa, na humu ndani hatujala samaki wiki nzima. Nimeogopa. Sijamwambia mtu.

Shangazi, hiki kitu kinaingia ubongoni kweli? Na nikikikataa, wifi nitamtazamaje usoni?

Mama wa Uyole

*

Marahaba, mwanangu. Sikuchapi. Mzazi anayemwona mtoto wake anafifia mbele ya macho yake hujaribu kilicho karibu na mkono, na kwako kilichokuwa karibu ni chupa.

Lakini kuna moja haliwezi kungoja nimalize kuandika. Mtoto anayemeza valproeti, akawa anasinzia kupita kawaida na kutapika, hasubirishwi tarehe ya kliniki. Ukisoma haya, mpeleke asubuhi inayofuata. Ikiwa haamshiki vizuri, anaongea ovyo, au kifafa kimempanda zaidi ya dakika tano, basi ondoka naye saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Ukifika, sema wazi zile siku nne za nusu dozi. Usipunguze zaidi, na wala usirudishe kwa kukisia, wao wakupangie. Dawa ya kifafa ikikatwa inaweza kuleta kifafa cha mfululizo, kinachofuatana bila mtoto kuzinduka katikati, na hicho huua. Siku nne bila kuanguka zisikupe moyo.

Tukishamaliza hilo, nikurudishie maswali yako, maana umeyafunga mawili kwenye kitenge kimoja. Moja ni la mwili: karnitini inafika ubongoni au haifiki? La pili ni la ukoo: deni la wifi linalipwaje? Umeyafunga pamoja kiasi kwamba ukimjibu wifi unaona umemtibu mtoto, na ukimtibu mtoto unaona umemsaliti wifi. Mimi nayafungua.

Karnitini si uchawi wala si kitu kigeni. Iligunduliwa mwaka 1905 katika nyama, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la nyama. Unayo, ninayo. Nyingine tunaila, hasa kwenye nyama ya ng'ombe, kidogo kwenye maziwa, na nyingine mwili unaitengeneza wenyewe kwenye ini, figo na hata ubongo. Kazi yake ni ukuli. Inabeba asidi za mafuta na kuziingiza kwenye mitokondria, vile vinu vidogo ndani ya seli, zikachomwe zitoe nguvu.

Je, inaingia ubongoni? Mumeo atanielewa kuliko mtu yeyote. Mzigo unaweza kutoka Dar, ukapita Mikumi, ukapanda Kitonga, ukateremka salama mpaka Tunduma, ukaiona Zambia kwa macho, na bado ukalala mpakani. Damu ndiyo barabara, ubongo uko ng'ambo. Kwenye mishipa midogo ya ubongo, seli za ukutani zimebanana, hazina mwanya wa kupenyeza kitu. Vinavyoyeyuka kwenye mafuta hujipitia. Karnitini haimo kundi hilo. Inayeyuka kwenye maji na ina chaji za umeme, kwa hiyo ikifika ukutani inagota. Inahitaji mlango wake. Mlango huo ni protini iitwayo OCTN2, ambayo watafiti waliitambua mwaka 1998. Inaivuta karnitini ndani pamoja na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Iko pia kwenye utumbo, misuli, moyo na figo. Maabara zimeona protini nyingine, inayojulikana zaidi kwa kupitisha asidi za amino, ikisaidia kuipokea karnitini kwenye seli za ubongo.

Mlango upo basi. Ila ni mwembamba, na foleni yake haiendi haraka. Karnitini huvuka kuingia ubongoni polepole sana, kwa hiyo kuijaza damu leo hakuujazi ubongo kesho. Na ikishaingia, seli za neva zenyewe hazitegemei sana kuchoma mafuta. Chakula chao kikuu ni glukosi, na uchomaji wa mafuta wanawaachia zaidi majirani zao, seli ziitwazo astrosaiti. Wifi aliposema "inaingia" hakudanganya. Hiyo "moja kwa moja" ndiyo ya lebo.

Usinielewe kwamba karnitini ni upuuzi. Wapo watoto wanaozaliwa mlango huo wa OCTN2 umeharibika. Figo zao zinaimwaga karnitini kwenye mkojo badala ya kuirudisha, moyo unapanuka, misuli inalegea, sukari inashuka. Hao hupewa karnitini na daktari maisha yao yote, na inawaokoa. Kwetu wanaojulikana ni wachache, lakini kwenye visiwa vya Faroe huko kaskazini mwa Ulaya ni karibu mtu mmoja kati ya 300.

Sasa nikuulize taratibu: ni nani aliyesema kusinzia kwa mwanao ni njaa ya ubongo? Naona wote mmelichukua hilo kama limekwisha thibitishwa, wewe, wifi na mama mkwe, kwa sababu mtoto akisinzia tunafikiria kichwa. Yule kijana wa duka la dawa alikwambia kweli. Valproeti hushikana na karnitini ikatoka nayo kwenye mkojo, inapunguza kutengenezwa kwake, na hata ule mlango inauzibazibia. Lakini karnitini ikipungua namna hiyo, wa kumtazama kwanza ni ini. Ini ndilo linalogeuza amonia, taka inayotokana na protini, kuwa urea tukaikojoa. Likizidiwa, amonia hupanda kwenye damu, na amonia haihitaji foleni ya mpakani. Inaingia ubongoni kirahisi. Mtu anasinzia, anatapika, anapotea mawazo.

Sisemi ndicho kilichompata mwanao. Inawezekana ini lenyewe linaumizwa na dawa, na hilo nalo ni la haraka. Inawezekana dozi ni kubwa kuliko uzito wake, au ana dawa nyingine inayogongana na hii, au kifafa kinampata usingizini bila nyinyi kujua akaamka kachoka. Haya yote kwa nje yanafanana, mtoto kaegemea mlango na begi mgongoni. Yanatenganishwa na kipimo cha amonia na cha ini, na mtu wa kupitia upya dozi yake. Chupa haiwezi kukutenganishia.

Harufu ya samaki nayo nikueleze, maana najua inakunyima usingizi. Karnitini ya vidonge utumbo unaipokea chini ya robo; ile ya kwenye chakula hupokelewa zaidi ya nusu. Inayobaki, bakteria wa tumboni huigeuza kuwa gesi ile ile inayomnukisha samaki aliyelala. Inatoka kwa jasho, pumzi na mkojo. Yenyewe kwa kawaida si sumu, na dozi ikishuka hupungua. Maana yake tu ni kwamba sehemu kubwa ya zile 95,000 haijaupita hata mlango wa tumbo, sembuse wa ubongo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya harufu ni hiki: kuna taarifa za watu wenye kifafa ambao waliongezeka kuanguka walipotumia karnitini. Si wengi, lakini wapo. Pia soma lebo. Karnitini zina sura mbili kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mwili unatumia ile ya L. Ile ya D inagombea mlango na mwenzake bila kufanya kazi. Kama kwenye chupa hakuna herufi L, au imeandikwa DL, mwambie daktari. Mpaka utakapomwona, mimi ningeipumzisha kabatini, lakini nisingeitupa, kwa sababu utaihitaji mkononi.

Nini kitafuata sikijui, na nisingependa kukuchagulia. Huenda daktari akakuta amonia imepanda na yeye mwenyewe akaandika karnitini. Hufanya hivyo, kwa dozi ya uzito wa mtoto na huku wakipima damu. Hapo wifi atakuwa amegonga karibu na msumari, kwa sababu tofauti na aliyoambiwa. Huenda akapunguza valproeti kwa mpangilio, na hapo kuna hatari ya kifafa kurudi, kwa hiyo mtalala naye chumba kimoja kwa muda. Huenda akabadili dawa kabisa, na mwanao akapita wiki za mashaka kati ya dawa mbili. Na huenda vipimo vikawa safi, ikabidi mwendelee kutafuta. Kila njia ina gharama yake, na wewe ndiye utakayekaa naye usiku, kwa hiyo usiogope kumuuliza daktari mara mbili.

Yule wa "si haanguki tena?" sitamtetea. Ila kliniki yenye foleni inasikia upesi mtu anapokuja na tarehe. Usimwambie "anasinzia sana". Mwambie katapika siku zipi, saa ngapi baada ya dawa, kalala saa ngapi mchana. Akikatisha tena, omba uonane na mwingine; hiyo si dharau.

Haya, wifi.

Umeandika kwa uchungu jinsi alivyolala wodini siku sita. Nami nimemheshimu kwa hilo. Lakini kwenye barua nzima sijaona mahali alipokwambia kwamba anakudai. Aliyesema ni mama mkwe, na aliyekubali ni wewe. Je, una hakika wifi mwenyewe analihesabu hivyo? Maana mtu aliyekesha na mtoto wodini ana sababu ya kumtakia mema hata leo anapokosea njia.

Kuna jingine. Hizo biashara za kuingiza watu chini yako, anayejiunga huanza kwa kununua mzigo wake mwenyewe. Inawezekana kabisa chupa zimejaa chini ya kitanda cha wifi na mkopo wa kikoba unamngoja. Kama ni hivyo, amekuja kwako na mambo mawili kifuani, upendo na deni, na pengine hata yeye hajui lipi lilimtangulia mlangoni. Sikwambii umshutumu. Nakwambia usimwone mtakatifu wala tapeli.

Unaweza kunyamaza, ukapokea chupa na kuziweka. Nyumba itatulia, lakini utalipa 95,000 kila mara kwa ajili ya amani, na siku moja atamuuliza mtoto. Unaweza kumrudishia kupitia mumeo, ila yeye kashasema hataki ugomvi, ataipitisha kama mzigo wa mtu. Unaweza pia kumwomba aje nawe hospitali: "Wifi, wewe ndiye uliyelala naye mara ile, twende tukaulize wote hii karnitini." Hapo unampa heshima yake mahali inapostahili, na jibu halitoki mdomoni mwako. Hatari ni kwamba anaweza kubishana na daktari, au akaona umempeleka kuaibishwa. Unamjua kuliko mimi. Mimi kwetu Mafinga nilikuwa na wifi ambaye huwezi kumrekebisha mbele ya watu hata kwa chumvi kuzidi mbogani. Kama wako ni wa namna hiyo, mtangulie, kisha mkae jikoni wawili tu umsimulie vipimo vilivyosema.

Mumeo usimwache nje. Anajua kuna chupa, hajui habari ya nusu dozi. Simu inafika Tunduma. Asikie kwako kabla hajaisikia Tukuyu, na msikie naye kwanza kabla ya kumjibu, kwa sababu "msigombane" yake huenda ni hofu ya mtu aliye mbali na mtoto mgonjwa.

Mama mkwe akitaka kusaidia, mwombe maziwa, Rungwe hayakosekani. Hayatajaza pengo la dawa, lakini mtoto anayetapika asubuhi anahitaji kitu tumboni, na bibi anahitaji cha kufanya.

Usiku huu, kabla hujalala, andaa mkoba. Weka dawa zake zote na kadi ya kliniki, ile chupa ya wifi, na karatasi yenye zile tarehe. Mwombe mwalimu akuazime pia lile daftari la Kiswahili, au ulipige picha. Daktari aone mwenyewe pale "p" inapoanza kuteremka.

Shangazi yako